Ukuta wa Misumari

Mimi nikiambiwa nitabasamu kwa ajili ya wageni, uso hujikunja wenyewe. Kwa hiyo Bwana Kabrasha alipopita mtaani kwetu wiki moja kabla ya ugeni, akimwagiza kila fundi anyoe, avae ovaroli safi na atabasamu, nilimwuliza kama hao wawekezaji wanakuja kutazama chuma au meno. Alicheka kwa adabu, akaandika kitu kwenye karatasi. Nadhani aliandika kwamba mimi nisiwekwe mbele.

Kabrasha si jina alilopewa na mama yake. Ni afisa wa uwekezaji wa mkoa, kijana mchapakazi, ila hajapata kuonekana bila kabrasha kwapani, mpaka mtaani tunaamini hata bafuni huingia nalo. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha kurasa arobaini, karatasi ya kuteleza, kikieleza kwa nini kiwanda cha mashine za kupumulia wagonjwa kijengwe kwetu na si kwingine. Nilikisoma chote, maana sitii kasoro kitu nisichokijua. Barabara ya lami mpaka kwenye reli: kweli. Umeme usiokatika: kweli, tangu wajenge lile bwawa nimesahau mishumaa niliiweka wapi. Kiwanja kikubwa: kweli, nakiona dirishani, mbuzi ndio wanaokijua vizuri zaidi. Chuo cha ufundi kinachotoa vijana mia na ishirini kwa mwaka: kweli, na nusu yao ni wasichana wanaoshika tupa kuwashinda baba zao. Lakini kwenye picha ya jalada alikuwepo mwanamume wa kofia ngumu anayecheka huku ameshika bisibisi kwa upande wa ncha, na mtu huyo si wa kwetu. Mtaa wetu wa karakana ulikuwa umepewa mistari miwili.

Mistari miwili, jamani. Nilipanda mori, nikamrudishia kitabu chake nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye amekitembeza kizuri mpaka kimefanana na kibaya. Akaniambia, "Mama, wawekezaji hawasomi habari za mafundi. Wanasoma habari za umeme." Nikamjibu kwamba umeme peke yake haujawahi kukereza hata bolti. Tukaachana hivyo.

Ningeweza kumpuuza, lakini safari hii nami nilikuwa na langu. Nina watoto watatu. Wakubwa wawili, wa kiume, walikwenda kufanya kazi nchi za mbali, na sasa ninao kwenye simu kila Jumapili, sauti zao zikikatika katikati ya neno. Aliyebaki ni kitindamimba wangu, binti wa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima unamwita Kitinda. Kitinda alikuwa na barua. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilimtaka, mshahara wa kutamanika, na nyumba juu yake, na jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kuisha. Aliniwekea barua hiyo mezani, akakaa mbele yangu, akasema bila kuzunguka, "Mama, kiwanda kikijengwa hapa, nabaki. Kisipojengwa, naenda. Siwezi kuzeeka nikitengeneza pampu za visima." Nikasema sawa. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ngoja niwaeleze mtaa wenyewe, kwa kuwa kitabu kilikataa. Zamani palikuwa na kiwanda cha sukari hapa. Kilipofungwa, mafundi wake walibaki na mikono yao tu, na ile mikono ilikuwa na njaa. Mmoja akanunua mashine kuukuu ya kukereza kwa bei ya chuma chakavu, mwingine tanuri, mwingine jiwe la kunolea, wakapanga vibanda pande mbili za barabara iliyokuwa ikiingia kiwandani. Leo ni karakana thelathini na moja, na ukitembea toka mwanzo hadi mwisho hufiki hatua mia nne. Upande wa juu wanasubu chuma, wakikimimina kikiwa kimeyeyuka. Wanaofuata wanakereza, kisha wanaotoboa, wanaotia moto na kuzimisha kwenye mafuta, wanaosaga, wanaopaka nikeli. Mwisho kabisa yuko dada mmoja anayesuka upya waya za mota huku akiimba nyimbo za mazishi, na mota zake haziungui. Mchoro ukiingia juu asubuhi, jioni unatokea chini ukiwa kitu cha kushika mkononi. Na mtu akikwama, anavuka barabara tu. Nimesikia kuna nchi watu wa namna hiyo wametawanyika miji sita na wanaandikiana barua.

Basi, katika mtaa huu tuna desturi mbili ambazo kila anayekuja kujifunza huzikuta na kuzilaani kabla hajazipenda.

Ya kwanza, hakuna anayepima kazi yake mwenyewe. Ukimaliza kipande, unakipeleka ng'ambo ya barabara kwa mtu aliyepangiwa kupima kazi zako, na ole wako ukifungua mdomo. Mtengenezaji hasemi kitu, mpimaji haulizi kitu. Anapima, anasema kinapita au hakipiti, basi. Mimi ndiye mpimaji wa karakana ya shemeji Kobe, rafiki wa marehemu mume wangu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tulimwita Kobe kwa mwendo wake, na ni kweli, akianza kutafuta koti mvua inaweza kuanza na kuisha. Lakini sijaona mkono uliotulia kama wake. Kitinda alifundishwa huko kwake, kwa kuwa kwetu mtoto hafundishwi na mzazi wake. Mzazi atamwonea huruma au atamwonea tu. Sasa yeye ndiye anayeendesha mashine mpya ya kompyuta ambayo Kobe na chuo waliinunua kwa ubia. Mimi naitwa Mama Unywele, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Desturi ya pili ni ukuta. Karakana zote zilichanga tukajenga chumba cha kupimia, kidogo, chenye kipoza hewa kisichozimwa, kwa maana chuma kikitoka kwenye mashine kina homa, na mtu mwenye homa hapimwi suti. Kinapumzika humo mpaka kipoe, ndipo unapima. Ukuta wa mlangoni wa chumba hicho umejaa misumari. Kipande kisichopita, aliyekiharibu anakitundika mwenyewe, kwa mkono wake, na kikaratasi kinachosema nani na kwa nini. Viko zaidi ya mia mbili. Kobe anavyo kumi na kimoja. Mimi vitatu, na kimoja kati ya hivyo bado kinanipa kiungulia. Cha kwanza kabisa ni cha mume wangu, na amekiandikia: "Haraka ya harusi." Harusi yenyewe ilikuwa yetu.

Bwana Kabrasha alipouona ukuta huo alishika kichwa. Wageni wanakuja kutazama ubora, nasi tumeweka makosa yetu mlangoni, tena na majina. Aliomba uvunjwe. Nikamwambia auvunje na kichwa changu kikiwa juu yake. Nikamwambia mficha uchi hazai. Tukabishana mpaka dada wa mota akaacha kuimba. Mwisho Kobe, ambaye husema sentensi moja kwa siku, akasema ukuta ubaki ila ufunikwe. Ndivyo bango la kitambaa lenye maandishi KARIBUNI WAWEKEZAJI lilivyotundikwa juu ya misumari mia mbili, likawa na manundu kama ngozi ya mtu mwenye surua.

Nilikubali. Naungama nilikubali. Nilikuwa nawaza ile barua.

Siku ikafika. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi, mhandisi, viatu vyake vya kazi vimelika visigino. Viatu hivyo vilinipa moyo. Alikisema Kiswahili chetu kwa lafudhi ya mbali, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kabrasha alianza kumweleza habari za kiwanja. Yule mama akamsikiliza kwa heshima, kisha akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa na nondo tatu fupi za chuma kisichoshika kutu, akauliza nani angemtengenezea kitu hiki kabla ya saa sita.

Kilikuwa kijiti cha urefu wa kidole, chembamba kama penseli, chenye tundu katikati. Ndicho kinachopanda na kushuka ndani ya mashine ya kupumulia, kikiruhusu hewa iingie na kutoka. Kikiwa kinene kupita kiasi, kinakwama. Unywele wa kichwa changu, nimeupima, una unene wa sehemu saba za mia za milimita. Mchoro ule uliruhusu kijiti kizidi kwa sehemu moja ya mia, basi. Macho yote yakaenda kwa Kitinda, na yeye akanyoosha mkono akachukua ile karatasi kama anayepokea chenji.

Sikumtazama akifanya kazi. Sheria hainikatazi, moyo ndio ulikataa. Nilikaa kwenye chumba cha kupimia nikifuta maikromita, kipimio cha unene alichoniachia mume wangu, ambacho hakikuwa na vumbi. Niliyoyajua niliyajua kwa sauti: mashine ikiwaka, mafuta ya kupozea yakimwagika, Kabrasha akitembea nje akitazama saa. Saa sita kasoro robo nilimsikia akimwambia Kitinda kwamba wageni wanasubiri, apeleke tu. Kitinda akazima mashine. Akavuka barabara, akaingia, akaweka kijiti juu ya kitambaa mbele yangu, akarudi nyuma hatua tatu akasimama karibu na mlango. Uso wake ulikuwa mtupu. Huo ndio uso aliofundishwa.

Tukangoja kipoe. Chumba kilijaa: wageni watatu, Kabrasha, Kobe, mimi na mwanangu. Kijiti kilikuwa kizuri, nawaambia, kiling'aa mpaka taa ya juu ilionekana ndani yake. Nikakipima mwanzo, kikasema vizuri. Nikakipima katikati, kikasema vizuri. Nikakipima mwisho.

Kimezidi. Si kwa sehemu moja ya mia, kwa moja na nusu. Hiyo nusu ya ziada, ukiuchukua unywele wangu ukaupasua vipande kumi na vinne, ni kipande kimoja.

Nikapima tena. Nikafuta maikromita, nikapima mara ya tatu. Wageni hawakuwa na kipimo mkononi. Kobe alikuwa amesimama mbali. Hakuna kiumbe chini ya jua aliyejua ila mimi na chuma, na chuma hakina mdomo. Nilimwona mwanangu uwanja wa ndege. Nilimwona Jumapili, sauti inakatika, "Mama, unanisi—". Niliwaona wajukuu watakaoniita bibi kwa lugha nisiyoielewa. Neno lilikuwa limeshapanda. Lilikuwa ulimini, limeshajipanga, midomo imeshaanza kulifungulia, na neno lenyewe lilikuwa "kinapita".

Sijui nini kilinizuia. Ningependa kusema ni uadilifu. Labda ni ile maikromita tu, na alama ya kidole gumba cha mume wangu iliyolika pale ubavuni. Nikasema, "Hakipiti. Mwisho wake umezidi kwa nusu ya mia."

Kabrasha alifumba macho. Kitinda alikuja mezani akachukua kijiti chake, akachukua kikaratasi, akaandika, akakifunga kwa uzi. Kisha akafungua droo akatoa nyundo na msumari, akaenda kwenye ukuta, na kwa kuwa bango lilikuwa njiani, akalishika kwa pembe akalivuta. Likaanguka lote. KARIBUNI WAWEKEZAJI likalala sakafuni, na makosa yetu ya miaka thelathini yakatokeza, kila moja na jina lake. Akagongelea msumari mapigo matatu, akatundika, akavuka barabara. Muda si muda tukasikia mashine inawaka tena. Hakuna aliyemwagiza.

Yule mama mwenye mvi alienda mbele ya ukuta akavaa miwani. Kabrasha akaanza kueleza, maneno yakimtoka bila mpangilio, kwamba hii ni mila ya zamani, kwamba mkoa una mpango wa kuiondoa, kwamba chakula kiko tayari ukumbini. Yule mama akanyanyua kidole kimoja, na kabrasha likanyamaza pamoja na mwenyewe. Akasoma ukuta. Akasoma kikaratasi baada ya kikaratasi, akiwauliza wenzake neno hapa na pale, na alipofika kwa mume wangu akacheka peke yake. Cha Kitinda alikisoma mara mbili. Mimi sikuweza kukisogelea. Nilikaa kitini nikitazama mikono yangu, nikijiambia kwamba nimemfukuza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Halafu alinigeukia akaniuliza, "Ungesema kinapita, nani angejua?"

"Nyinyi, mkishafika kwenu," nilisema. "Na mgonjwa. Mgonjwa angejua kabla yenu."

Akafungua mkoba wake, akatoa vikopo vitatu vidogo vya bati, akavipanga mezani pangu. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na kijiti kama kile. Alisema ametembea sehemu tatu kabla ya kwetu, sehemu zenye barabara pana kuliko yetu na bandari mlangoni. Kila mahali kijiti kilipita mezani, kwa makofi. Akavirudisha kwao, akavipima mwenyewe, na vyote vitatu havikupita.

"Kiwanja nitanunua," alisema. "Umeme nitavuta. Mashine nitaagiza. Mtu wa kuniambia hapana mbele ya bosi wake, sijui anauzwa wapi."

Kabrasha akamwambia tena kuhusu chakula. Yule mama akauliza kama kuna mahali pa kukaa karibu na ile mashine, na alipoambiwa hapana, akageuza kreti la soda akakaa juu yake, mlangoni pa Kobe, akamtazama mwanangu akifanya kazi dakika arobaini nzima. Safari hii nami nilitazama. Hata kama ningekuwa mgeni, hata kama asingekuwa wangu, ningesimama pale pale. Alikuwa amebadilisha ncha ya kukatia, kaweka mpya. Mkono mmoja kwenye vitufe, mwingine umelala juu ya bamba la mashine, umelala tu kama mama anayempapasa mtoto mgonjwa, akiisikiliza kwa kiganja. Mara mbili aliisimamisha kwa jambo ambalo mimi sikulisikia. Alitoa kijiti, akakivusha, tukangoja, nikapima. Kinapita, mwanzo, katikati na mwisho. Yule mama akakitia kwenye kikopo cha nne, akatushika mikono sote, hata dada wa mota ambaye alikuwa amekuja kuchungulia, na wakaondoka. Chakula cha ukumbini tulikula sisi.

Wiki tatu zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kitinda alikuwa ameomba ng'ambo wamwongezee siku kumi na tano, wakampa, na nyumbani tulitembea tukipishana kama watu walioazimana kitu. Nilijua nilichofanya ni haki. Haki haikunisaidia kulala. Nilimtengenezea chai asizoomba. Siku moja nilimkuta anapanga nguo kwenye begi, zile nzito, akanitazama, nikatoka nikaenda kumgombeza Kobe kwa kosa ambalo hakuwa amelifanya bado. Kobe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sentensi yake ya siku. "Shemeji," akasema, "mchelea mwana kulia hulia yeye." Nikamwambia mimi sikumchelea, na bado nalia.

Bango lilikuwa bado sakafuni siku Kabrasha alipokuja anakimbia. Nimesema anakimbia. Bila kabrasha. Mtaa mzima ulitoka milangoni, kwa sababu tulijua ama kuna moto ama kuna jambo. Alikuwa na karatasi moja tu mkononi, na aliisoma akiwa amesimama katikati ya barabara, pumzi zikimkata. Wanakuja. Kiwanda kitajengwa kwenye kiwanja cha mbuzi. Vipande vidogo vyote vitatengenezwa na mtaa huu huu, kwa desturi hii hii ya kuvusha barabara. Chuo kitapewa mashine sita. Na kuna sharti moja ambalo mhandisi mkuu ameliandika kwa kalamu yake chini ya karatasi: chumba cha kupimia kisiguswe, na kiwanda nacho kijengewe ukuta kama ule, mlangoni, usiofunikwa. Dada wa mota akaanza kuimba wimbo wa harusi, akausahau katikati. Kabrasha akanijia akaniambia kitabu kitachapishwa upya, na mtaa utapewa kurasa kumi na mbili. Nikamwambia amtoe kwanza yule mtu wa bisibisi. Halafu nikamkumbatia, maskini, mpaka akakohoa.

Kitinda alikuwa ndani ya chumba cha kupimia. Nilimkuta anaifuta ile meza, barua ya ng'ambo imekunjwa mfukoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaweza kuukaribia msumari wake. Nikavaa miwani. Mwandiko ni wake, wa haraka: "Kitinda. Ncha ilichoka kwenye mkato wa mwisho. Nilisikia."

Nilisikia. Nilisoma neno hilo, nikamgeukia.

"Ulijua?" nilimwuliza. "Ulinivushia kipande unachojua ni kibovu, siku ile, mbele ya wale watu?"

Hakuacha kufuta meza. Alisema sauti ya mashine ilibadilika kidogo mwisho, kidogo sana, akawa na shaka. Alitaka kukitupa aanze upya, lakini Kabrasha alikuwa mlangoni na saa imekwisha, na kusema haruhusiwi. Basi akakipeleka kwa mtu ambaye angesema.

"Na nisingesema?"

"Ningeondoka, mama," alisema. "Kiwanda kijengwe, kisijengwe. Ningejua hapa pamekwisha." Kisha akacheka, akanipangusa bega ambalo halikuwa na vumbi. "Lakini wewe tena. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo."

Akatoka kwenda kwa wenzake. Nilibaki peke yangu na kile kipoza hewa kikiunguruma. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Na mimi nililiona lile neno, nililisikia ladha yake, lilikuwa limebakiza upana wa kipande cha unywele kutoka. Nilifungua droo, nikatoa nyundo na msumari, nikaugongelea kando ya wake. Nikaandika kikaratasi: "Mama Unywele." Mahali pa sababu nikapaacha wazi. Nikakitundika bila kipande chochote.

Wageni wa kiwanda wakija siku hizi, na wanakuja wengi, huletwa kwanza kwenye ukuta ule, na kila mara kuna mmoja anayeuliza ule msumari mtupu ni wa kosa gani. Kitinda huniangalia, maana na yeye hajui. Mimi nawaambia kazi inawasubiri ng'ambo ya barabara.